Ng'ombe Kumi na Mmoja wa Cheptanui

Katika ofisi ya Shirika mjini Nakuru, juu ya duka la vyuma la Pritam Singh, kulikuwa na picha ukutani ambayo haikuwahi kuhamishwa. Mama mwembamba amesimama mlangoni mwa boma la miiba, fimbo mkononi, shuka limefungwa begani, na nyuma yake ng'ombe kumi na mmoja wamejipanga kana kwamba nao walijua wanapigwa picha. Kila mwezi wa tisa walipowasili wanagenzi wapya, wale wa Ulaya wakiwa wameshababuka shingo kwa jua la siku mbili, na wale wa Nairobi na digrii ambazo wino wake haujakauka, lazima mmoja wao aulize, "Huyu mama ni nani?" Bwana Kiprugut, msaidizi mkuu wa mipango, alikuwa na jibu moja tu miaka yote.

"Ni mama mmoja wa Mogotio," alisema, kisha akawaambia watu wakanywe chai.

Wanagenzi walimwona mtu mkavu. Hacheki na mtu, hana mke, haendi baa, na Jumapili hukaa chumbani kwake Bondeni na redio imezimwa. Wengine walidhani ni majivuno ya cheo. Watu bwana! Mtu akinyamaza tu, basi keshakuwa na majivuno. Ukweli ni kwamba Kiprugut naye aliwahi kuwa mwanagenzi katika ofisi hiyo hiyo, wa kwanza wa Kiafrika kuandikwa kazi, na aliilipia kazi ile kwa kitu ambacho hakikuwa chake peke yake kukitoa.

Jina la Kiprugut hupewa mtoto aliyezaliwa wakati wa njaa, na kwa upande wake halikuwa pambo. Mama yake alikufa kabla hajamwachisha ziwa. Baba yake alikuwa kibarua wa mkonge, akafa naye kwa homa mtoto akiwa bado hajajua kumtambua. Aliyemchukua ni dada mkubwa wa mama yake, Cheptanui, mjane wa arap Komen, asiye na mtoto, aliyekaa Soi, ile nchi ya chini yenye joto na mawe nje ya Mogotio. Kwa Wakalenjini dada wa mama yako ni mama yako, na hakuna neno jingine la kumwita. Kiprugut alimwita Mama tangu alipojua kusema, na yeye Cheptanui, kama ungemwambia kwamba mtoto yule hakutoka tumboni mwake, angekufukuza kwa fimbo.

Cheptanui alikuwa na ng'ombe mmoja aliye wake kweli, jike jeusi lenye baka jeupe usoni. Mwaka wa sitini na nne Kiprugut alipopata nafasi ya sekondari, jike lile likapelekwa mnadani. Ng'ombe wa maskini hazai, watu husema, na akizaa huzaa dume. Huyu wa Cheptanui alizaa shule, na baada ya shule, Chuo Kikuu cha Nairobi.

Hata hivyo boma lake halikubaki tupu. Huko Soi mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote mahali pamoja, maana ugonjwa ukiingia boma moja, au wezi wakipita, atabaki akiyashika magoti yake. Huwagawa kwa watu anaowaamini. Mtunzaji hunywa maziwa na kupaka nyumba samadi, lakini hauzi wala hachinji, na siku mwenyewe akija na kamba yake, mtunzaji hufungua lango na kumtakia safari njema. Na jambo hili halisemwi ovyo. Ni siri ya wenyewe wawili, ili mjane asiye na kitu naye aonekane mtu kati ya watu. Cheptanui alikuwa mwaminifu, ng'ombe walinenepa mikononi mwake, wenye mali wakamwekea zaidi. Kufikia mwaka wa sabini na tatu alikuwa akitunza kumi na mmoja, na hata ukwato mmoja haukuwa wake. Kiprugut aliyajua hayo vizuri kuliko mtu yeyote, maana ng'ombe wake wa mwisho yeye ndiye aliyemla, kwa vitabu na sare na nauli ya treni.

Alimaliza chuo mwaka huo wa sabini na tatu, na akakuta mlango umeanza kufungwa. Waliomtangulia kwa miaka michache walifuatwa na kazi hadi bwenini. Yeye alizunguka Nairobi miezi mitano na bahasha kwapani, mpaka alipoona tangazo: Shirika la maendeleo la nchi za nje linatafuta wahitimu wapya wa kujifunza kazi Nakuru, mwaka mmoja, kwa posho ndogo, na atakayefaa ataandikwa kazi ya kudumu. Jina la shirika lilikuwa refu, la Kizungu, na watu wa Nakuru waliliita Shirika tu.

Walichukuliwa wawili. Mwenzake alikuwa Jens, kijana wa Kidenmaki, mrefu, mwema, mwenye kuuliza maswali kama mtoto wa miaka sita. Kazi ilikuwa moja na cheo kimoja, ila Jens alipewa nyumba ya wageni Milimani, chini ya mijakaranda, na Kiprugut akajitafutia chumba Bondeni kwenye mlango wa bati. Hilo halikumuumiza sana. Jens angerudi kwao mwezi wa tisa akiwa na cheti. Yeye alikuwa na mahali pamoja tu pa kurudi, na hakutaka kurudi pale mikono mitupu.

Mkubwa wao alikuwa Mwingereza mmoja aitwaye Hallam, aliyekuwa bwana shamba enzi za ukoloni na hakuondoka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, aliuchukia undugu kama watu wanavyochukia nyoka. Mwanagenzi aliyemtangulia Kiprugut, kijana wa upande wa Bahati, nje ya Nakuru, alikuwa ameandika shemeji zake wanne kwenye orodha ya mbegu. Hallam alimfukuza siku ile ile, na siku ya kwanza ya Kiprugut ofisini akamsimulia hadithi hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Nchi hii itauawa na undugu," alisema. "Mwenye jamaa kwenye orodha yangu hafiki mwezi wa tisa."

Mvua za mwisho wa mwaka hazikunyesha. Kufikia Januari ya sabini na nne nchi ya chini ilikuwa imebadilika rangi, na Shirika likapata mahindi ya msaada kutoka ng'ambo. Ila kwanza lazima ijulikane nani maskini na nani si maskini, na hapo ndipo fomu ilipoingia. Kila boma lingetembelewa asubuhi kabla mifugo haijatoka. Ng'ombe wangehesabiwa. Wakizidi watano, mwenye boma ana mali, na jina lake haliingii kwenye orodha ya mahindi. Fomu ile ilitungwa na watu werevu, mbali sana na Mogotio.

Siku ya kwanza ya kuhesabu, katika boma la mzee mmoja, Kiprugut alisimama kiume. Walikuta ng'ombe tisa. Alimvuta Hallam pembeni akamweleza habari yote ya kuwekeana ng'ombe, kwamba mzee huyu anakunywa maziwa tu, kwamba wenyewe watakuja kuwachukua jua likizidi.

"Wote watasema hivyo," Hallam alisema.

"Yeye hajasema, bwana. Hawezi kusema, ni aibu kwake. Mimi ndiye ninayesema."

Hallam alimtazama kwa muda, akatoa penseli nyekundu, akaandika pembeni mwa fomu: ng'ombe wa watu, apewe. "Nakuamini," alisema. "Wewe huna sababu ya kunidanganya." Kiprugut alifurahi mno, na jioni hiyo Jens alimnunulia soda Mogotio, wakaizungumza kazi yao kama watu wanaoijenga nchi.

Kesho yake asubuhi Land Rover ilisimama kwa Cheptanui.

Kiprugut alikuwa amejiambia kwamba mama hatakuwepo, kwamba atakuwa amekwenda mtoni. Lakini Cheptanui alitoka nje kwa mbio alizokuwa hajazipiga miaka, akamshika mkono, akamtemea kiganjani mate kidogo ya baraka kama mama anavyomfanyia mtoto aliyekuwa safarini, akamgeukia dereva Owino na kusema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mwanangu imekuja na gari! Ona viatu yake!"

Jens alicheka kwa furaha. Neno hilo alikuwa keshajifunza. "Amekuita mwanawe," alisema kwa Kiingereza. "Kiprugut, huyu ni mama yako?"

Hallam aliinua kichwa kutoka kwenye makaratasi.

Hapo mtu angesema ndiyo, na ingekwisha. Pengine Hallam angeguna tu, akamtuma Jens amhesabie. Pengine angemfukuza. Kiprugut hakujua, na hofu haimpi mtu nafasi ya kupima. Aliona bahasha kwapani, aliona ngazi za ofisi za Nairobi, akasikia sauti yake ikisema, "Hapana. Huku kila mama humwita kijana yeyote mwanangu. Ni desturi."

Na kweli ni desturi, hilo ndilo baya lake. Hallam alicheka akasema hata Meru aliyaona hayo hayo. Wakahesabu. Cheptanui aliwaomba wasihesabu kwa kidole, kidole hukaribisha mkosi, basi wakahesabu kwa macho. Kumi na mmoja. Jens alimwuliza mama kama ni ng'ombe wake, naye akajibu kama mtu wa heshima zake anavyojibu, "Wako kwangu."

Hallam alitoa penseli nyekundu. "Vipi hawa?" alimwuliza Kiprugut. "Nao ni wa watu, kama wa jana?"

Neno moja tu lilitakiwa. Ila neno hilo lingezaa jingine: umejuaje? Kwa mzee wa jana alijua kwa sababu alimwuliza jirani. Hapa alijua kwa sababu alilala miaka kumi na mitano katika nyumba hii, na aliiogopa sura yake mwenyewe isimsaliti akianza kueleza. Aliitazama fomu.

"Sijui," alisema. "Tuandike tunachoona."

Akaandika kumi na moja kwa mkono wake, hati nzuri aliyofundishwa kwa bei ya jike jeusi.

Jens alipokuwa akitengeneza kamera, Cheptanui alimsogelea kijana wake na kumwuliza kwa lugha yao, kwa sauti ya chini, "Umewaambia nini? Mbona mzungu alinitazama vile?"

"Kazi hii hairuhusu mtu kuwa na jamaa huku, Mama. Wakijua, nafukuzwa. Ni mpaka mwezi wa tisa tu, kazi ikishaandikwa."

Hakuwa mjinga mama yule, wala hakuwa mwepesi wa kulia. "Basi mpaka mwezi wa tisa wewe ni mtoto wa watu," alisema, akaenda kusimama langoni apigwe picha, mgongo umenyooka.

Masika nayo yakaja makavu. Mwezi wa tatu arap Chesire alikuja na kamba akachukua wanne wake, awapeleke juu penye majani. Mwalimu mmoja wa Eldama Ravine akatuma mtu kuchukua watatu. Kosgei mwenye duka akachukua wake watatu, naye alipoona macho ya Cheptanui akasema, "Dada, wakibaki hapa tutakosa mimi na wewe," na alisema kweli. Aliyebaki alikuwa mmoja, mzee, mali ya mtu aliyekuwa Nairobi. Alianguka mwezi wa nne, na Cheptanui hakuthubutu kumla mpaka ruhusa ije, kwa kuwa hakuwa wake. Ruhusa haikuja, fisi wakaja. Aliikunja ngozi, akaining'iniza ukutani kumsubiri mwenyewe.

Kiprugut hakuyaona hayo. Alijua tu, kama mtu anavyojua jino lililooza, kwamba wenye ng'ombe huja jua likizidi. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Hallam jambo hilo. Alijiambia kwamba hawawezi kuchukua wote. Alijiambia kwamba atakwenda mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ukija Hallam anataka majedwali. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuwa bado njiani.

Mwezi wa tano mahindi yalifika, ya njano, kwenye lori, na yakagawiwa uwanjani penye maduka. Karani alikuwa Nyongesa, mtu mnene mwenye haki yake, aliyesoma majina kutoka daftarini. Kiprugut alikuwa kando akipokea magunia. Alimwona Cheptanui kwenye mstari kabla yeye hajamwona. Alikuwa amekonda hivi kwamba shuka lilimzunguka mara mbili, naye alishika mfuko mtupu uliokunjwa vizuri.

"Cheptanui bibi ya arap Komen," Nyongesa alisoma. "Ng'ombe kumi na moja. Mama, wewe hapana kuwa kwa hii orodha. Wewe ni tajiri."

"Ng'ombe imeenda. Wenyewe wamekuja kuchukua."

"Kila mtu leo anasema wenyewe wamekuja! Mimi nafuata kitabu." Kisha akamhurumia, maana alikuwa na mama yake huko Bungoma. "Sasa sikia. Iko mtu ya ofisi anakujua? Kama mtu ya ofisi anaweza kusema hii maneno ni kweli, mimi nitauliza mzungu. Huyu Kiprugut si ni mtu ya huku? Unamjua?"

Hallam alikuwa ameketi kwenye lori, mlango wazi, hatua kumi hivi. Kiprugut alikuwa hatua tano. Gunia lilikuwa begani mwake, na hakuliweka chini.

Cheptanui alimtazama. Alimtazama kuanzia usoni mpaka kwenye viatu, polepole, kama mtu anayetazama kitu dukani ambacho hakukusudia kununua.

"Hapana," alisema. "Simjui. Naona tu ni kijana iko na viatu mzuri."

Akageuka, akauweka ule mfuko kwapani, akashika njia ya kwao, na huko ni saa mbili kwa miguu ya mtu mzima mwenye nguvu. Kiprugut alilifikisha gunia mahali pake. Alirudi akachukua jingine. Alibeba magunia mengi kuliko mtu yeyote siku ile, na Hallam akaandika hivyo kwenye ripoti yake: mwenye bidii, hachagui kazi.

Usiseme kwamba hakumpenda. Juma lililofuata alinunua debe la mahindi kwa posho yake, akampa Owino amfikishie "mama fulani wa boma la picha," na Owino akalifikisha. Cheptanui akaligawa nusu kwa nusu na jirani yake Chepkurui, aliyekuwa na watoto sita na jina lake pia halikuwa kwenye orodha. Debe kwa midomo minane ni neno gani! Halikumaliza mwezi.

Kisha Hallam akampeleka Molo, miezi miwili, kuandika taarifa juu ya viazi. Hiyo ndiyo ingekuwa taarifa ya kumwandikisha kazi. Molo kulikuwa na baridi ya kung'ata masikio, ukungu mpaka saa nne asubuhi, na viazi vingi hata vilioza kando ya barabara vikisubiri malori. Alitembea juu yake vikipasuka chini ya viatu vyake. Mara kadhaa aliokota kimoja kilicho kizima, akakitia mfukoni, akakitoa tena kwa aibu, kwa kuwa kingemfanyia nini kiazi kimoja mtu aliye mbali na wewe siku nzima ya safari? Aliandika taarifa nzuri, kurasa arobaini, na kurasa sita kati ya hizo zilikuwa juu ya hasara ya chakula kinachoharibika.

Ujumbe ulimfikia mwezi wa nane. Owino ndiye aliyeuleta, alipokuja kumchukua na gari. Hakuanza kwa salamu.

"Bwana Kiprugut, yule mama ya picha. Ule wa debe. Amefariki. Nimeona nikuambie, sababu wewe ndiye ulimtumia mahindi."

"Lini?"

"Wamezika Jumanne." Owino alimtazama, akaacha injini ikiunguruma bila kuondoka. Alikuwa dereva wa miaka mingi, na madereva huona mengi. "Nikupeleke?"

Walifika mchana. Lango la boma lilikuwa wazi, samadi ndani yake imekauka hata haina harufu, na ile ngozi ilikuwa bado ukutani ikimsubiri mwenyewe. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, mawe yamepangwa juu yake kwa ajili ya fisi, na mwalimu wa kanisa alikuwa ameweka msalaba wa vijiti viwili. Kiprugut alisimama pale akataka kulia, na kilio kikakataa kutoka.

Chepkurui alikuja na mtoto mgongoni, akamwamkia kwa upole. Yeye alimjua tangu utotoni, walichunga pamoja. Akamweleza: mizizi na matunda ya mwituni, kisha homa ya siku tatu ambayo mtu aliyeshiba angeinuka nayo. Mwili haukuwa na kitu cha kupigania.

"Kwa nini hamkuniita?" Kiprugut alisema, na sauti yake ilikuwa ya hasira kwa kuwa hakuwa na nyingine. "Molo si ng'ambo! Mngemtuma mtu."

"Nilitaka. Nilishampata na wa kumtuma." Chepkurui alimbembeleza mtoto mgongoni. "Akanikataza. Alisema kazi ya mtoto bado haijaandikwa. Alisema tusubiri mwezi wa tisa. Akasema, 'Mwezi wa tisa atakuja mwenyewe mchana, mbele ya watu, na ataniita mama.'"

Hapo ndipo kilio kilipotoka. Alilia akiwa amekaa chini kwenye samadi kavu, na viatu vyake vizuri, na Owino akageuza uso kuangalia upande wa barabara.

Mwezi wa tisa ulikuja, maana miezi haimsubiri mtu. Jens alifunga mizigo yake. Kabla ya kuondoka aliikuza ile picha, akaitundika ofisini, akawaambia wote kwamba siku ile kwenye boma la mama yule ndiyo siku aliyoipenda kuliko zote Kenya. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mama yule amekufa. Kiprugut aliishika picha ikipigiliwa misumari, isipinde.

Siku ya pili yake Hallam alimwita. Juu ya meza kulikuwa na karatasi za kuandikwa kazi, nakala tatu. Kiprugut alikuwa ameingia na maneno yake tayari, ameyapanga usiku kucha: nitamwambia yote, anifukuze akitaka. Aliketi. Hallam alimpa mkono kwanza, akasema maneno mazuri juu ya taarifa ya viazi, akasema anaona fahari. Kisha akamsukumia kalamu.

Alijaza jina. Alijaza mwaka wa kuzaliwa, shule, digrii. Swali la saba lilikuwa limeongezwa kwa mkono wa Hallam mwenyewe, kwa sababu ya kijana wa Bahati: Je, una mzazi, mlezi, au ndugu wa karibu anayeishi katika eneo la mradi?

Maneno aliyoyapanga aliyatafuta akayakosa. Nje, chini dukani, vijana wa Pritam Singh walikuwa wakipakia mabati kwenye gari, kelele tupu. Ukutani Cheptanui alisimama na ng'ombe wa watu. Kiprugut aliinamisha kichwa akaandika, kwa ile hati yake nzuri, mara tatu kwenye nakala tatu, "Hapana," na safari hii haukuwa uongo.